Mbao za Unga

Serikali ilipochukua mbao za kuandikia za Maalim Gelle ilizichukua kwa bunduki, na ilipomletea nyingine ilizileta kwa hotuba. Bunduki ilikuwa na nafuu yake: ilimaliza shughuli upesi. Hotuba ilianza jua likiwa utosini, na watoto wa chuo chake cha Kurani, waliopangwa mstari mbele ya ofisi ya Bula Waya, wakaanza kupepesuka mmoja baada ya mwingine kama mbuzi waliokosa chumvi.

Aliyehutubu alikuwa Bwana Peterson Kang'ethe, ofisa aliyetoka bara kuja kusimamia kijiji kile kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Garissa, ikiwa kijiji ni jina la mahali ambapo watu wamezungushiwa seng'enge na kuachiwa lango moja lenye askari. Watu walikusanywa humo ili waasi wa shifta wakose pa kula na pa kulala. Shifta wakaendelea kula na kulala hukohuko walikokuwa. Waliokosa malisho ni ng'ombe, na hao nao hawakuteseka sana, kwa sababu serikali iliwachukua. Ilisema inawachukua kwa usalama wao.

"Mbao zenu za zamani," alisema Bwana Kang'ethe, akijifuta jasho, "zilipelekwa Nairobi kuchunguzwa. Mnajua sababu."

Sababu walikuwa wanaijua. Doria ilizikuta zimeegemezwa kwenye kibanda cha Maalim zikikauka, zimejaa maandishi ya Kiarabu juu hadi chini, na koplo mmoja hodari akatangaza kwamba hizo ni barua za shifta. Zikapakiwa kwenye lori chini ya ulinzi, na watoto wa chuo wakabaki wanatazamana.

"Wataalamu wamezisoma," aliendelea ofisa. "Wamekuta herufi tu: Alif, Ba, Ta. Na kwenye moja, picha ya mbuzi. Serikali imeridhika kwamba mbao hazina hatia."

"Alhamdulillahi," akasema Gelle. "Basi zirudi."

"Hazina hatia, Maalim. Lakini hazijulikani ziliko."

Kabla Gelle hajapata la kusema, Bwana Kang'ethe alipunga mkono, na Munyao, fundi seremala wa serikali, Mkamba mwembamba mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akavuta turubai. Chini yake zilikuwepo mbao mpya, kila moja na mshikio wake, laini kama shavu la mtoto. Zilikuwa vipande vilivyobaki dari ya ofisi ilipokwisha kupigiliwa, lakini hilo halikutajwa kwenye hotuba.

Gelle akachukua mmoja. Akaugeuza, akaunusa, akaugonga kwa ukucha. Haukuwa na mshipa, haukuwa na fundo, haukuwa na juu wala chini. Tangu azaliwe hajaona mti usiokuwa na upande.

"Hii ni mti gani?" akauliza.

"Si mti mmoja," akajibu Munyao kwa fahari ya mtu anayesifia bidhaa asiyoiuza. "Hii ni hadibodi, Mwalimu. Wanachukua miti mingi, wanaisaga ikawa nyuzi na unga, wanatia gundi, wanaikandamiza na mashine. Haipindi. Haipasuki. Msumeno unapita kama kwenye sabuni. Wazungu wanatengeneza milango, kabati, dari, kila kitu."

"Miti imesagwa ikakandwa," akasema Gelle polepole. "Kwa hivyo ni ugali."

Watu wakacheka. Bwana Kang'ethe hakucheka. Alitaka kila mtu aone nyuma ya mbao, ambako kila moja ilikuwa imepigwa muhuri wa rangi nyekundu: MALI YA SERIKALI.

"Atakayeharibu hata moja," alisema, "ameharibu mali ya serikali wakati wa hali ya hatari. Na kibali cha chuo kina jina la mtu mmoja tu." Akamtazama Gelle. "Lori la wakorofi linashuka bara kila mwezi, Maalim. Nafasi haikosekani."

Gelle akaupiga ubao wake busu la shukrani, maana watu wote walikuwa wanatazama. Ulikuwa na ladha ya gundi.

Sasa kibali chenyewe kilikuwa karatasi tu, imetundikwa kwa msumari ndani ya kibanda chake. Lakini bila karatasi ile watu watano hawakuruhusiwa kukaa pamoja, na chuo ni watoto zaidi ya watano. Maalim asiye na chuo ndani ya Bula Waya alikuwa mdomo mwingine tu wa kulishwa. Na kama angepandishwa lile lori, bintiye Arbia angebaki na shangazi yake Habibo peke yao, na Gelle alimpenda dada yake, lakini hakumtakia mtu kuachwa naye peke yake.

*

Somo la kwanza lilimshangaza kila mtu. Kalamu ya kijiti, ambayo kwenye mbao za zamani ilikuwa inakwama kwenye fundo na kurusha wino, hapa iliteleza. Hata Naimo, binti ambaye Ba yake kwa kawaida ilifanana na mtumbwi uliozama, aliandika Ba iliyonyooka. Gelle akatembea nyuma ya watoto, mikono mgongoni, na akajikuta anafikiri jambo ambalo tangu siku ya uhuru hajalifikiri: kwamba pengine hawa watu wa ofisini nao, mara moja moja, hufanya kitu cha maana.

Wazo hilo lilidumu hadi wakati wa kuosha.

Katika kila chuo cha Wasomali, tangu babu na babu, somo likiisha mbao huoshwa. Unamwaga maji juu ya ubao, wino wa makaa unatiririka, ubao unabaki mtupu kwa ajili ya kesho. Maji hayo hayatupwi ovyo, kwa kuwa yamebeba maneno matukufu. Hukingwa kwenye beseni, na mwenye maumivu huja kunywa. Mteja wa kila siku alikuwa jirani, mzee Ogle, ambaye mgongo ulimsumbua tangu alipobebeshwa seng'enge hiyohiyo iliyokuja kumfungia.

Arbia akamwaga maji. Maji hayakutiririka. Yaliingia.

"Aabo," akamwita baba yake, "ubao unakunywa."

"Ongeza."

Akaongeza. Ubao ukanywa tena, kama ngamia aliyekuja kwa miguu kutoka Lafey. Mbao zote zilikunywa. Zilipokwisha kushiba zikaachia matone machache ya rangi ya chai, yakakingwa, na Ogle akayabugia kwa imani.

Asubuhi Gelle alizikuta mbao zimevimba kama mandazi. Kingo zilikuwa nene kuliko kati, ngozi yake imeota malaika, na mmoja, ule aliokuwa ameubusu, ulikuwa umeanza kujifungua katikati kama kitabu. Na maandishi hayakuwa yametoka. Yalikuwa yamezama ndani na kuvimba pamoja na ubao: Alif imenenepa kama kiboko, Ba inakaribia kujifungua.

"Walaal," akasema Habibo dada yake, akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, "mbao zako zina mimba."

Habibo alikuwa mwanamke mkubwa, wa mwili na wa maneno. Kwa Kisomali alikuwa mshairi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakuna ofisa aliyewahi kutoka mbele yake bila kuelewa.

"Usicheke. Hii ni mali ya serikali."

"Ndiyo maana imevimba. Kila kitu cha serikali kikikaa kidogo kinavimba. Umemwona yule koplo?"

Hapo akaingia Ogle, amenyooka wima kama mlingoti. Hakuonekana hivyo tangu mwaka jana.

"Maalim!" akapiga kelele. "Maji yale! Sijainama tangu jana. Mgongo umeshikana!"

"Umeshikana kwa gundi, mpumbavu wewe," akasema Habibo.

"Kwa gundi au kwa baraka, umeshikana. Leo mnaosha saa ngapi?"

Gelle aliketi chini, ubao magotini. Zamani, wakati kama huo, angemgeukia mkewe Jawahir. Lakini Jawahir alikuwa amekufa masika yaliyopita kwa homa. Lango halifunguliwi usiku bila saini, na mwenye saini alikuwa amelala.

*

Munyao alikuja alasiri akitembea kama mtu anayepita tu. Alipoziona mbao alivua kofia, kama watu wafanyavyo matangani.

"Ngai! Mwalimu, umezifanya nini?"

"Nimeziosha."

"Kuosha? Na maji?"

"Wewe huoshea na nini?"

"Lakini hii ni bodi ya dari! Nani amewahi kuosha dari?" Munyao akashika kichwa. "Na mimi ndiye niliyesimama pale nikasema haipindi, haipasuki. Sikujua, Mwalimu. Hata karatasi iliyokuja nazo ilikuwa imesema mambo ya misumari tu." Akashusha sauti. "Sikiliza. Alhamisi anakuja Bwana Mkubwa kutoka Nairobi. Anakuja na mpiga picha. Kang'ethe amemwandikia kwamba shifta wanachoma na serikali inajenga, na mfano wake ni mbao hizi. Akizikuta hivi, atasema umezimwagia maji makusudi."

"Nimezimwagia maji makusudi!" Gelle akasimama. "Ndivyo ubao unavyooshwa! Hakuna anayemwagia ubao maji kwa bahati mbaya!"

"Usiseme hivyo mbele yao, tafadhali."

Wakaanza kazi. Kwanza walizianika juani. Zikajikunja ncha kama sandali za zamani. Wakazipanga mrundo na kumwomba Habibo akae juu yake.

"Nimezaa watoto saba, wote sasa wana nyumba zao," akasema Habibo akijiweka sawa, "na sijawahi kuatamia kama hivi. Zikianguliwa zitoke nini, maofisa wa wilaya?"

Alikaa hadi jua linazama, akipokea wageni na kunywa chai hapohapo juu kama malkia. Aliposimama mbao zilikuwa zimenyooka kidogo, ila zilibeba umbo lake. Munyao akatoa randa. Kila alipopitisha, badala ya maranda yaliyojisokota, yalitoka manyoya.

"Hii si mbao," akasema Munyao akiyapuliza kutoka mdomoni. "Hii ni kondoo."

Hata hivyo alizipunguza uvimbe, Alif na Ba zikarandwa zikaisha, na muhuri wa nyuma ukabaki. Lakini uso wake ulikuwa mwororo wenye vinyweleo kama blanketi la jela, na tone moja la maji lingetosha kuzirudisha hospitali. Munyao akaketi chini. 

Wazo lilitoka kwa Arbia. Alikuwa ameshika chombo cha maziwa cha mama yake, kile cha mti, cheusi kwa moshi wa miaka, ambacho kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo.

"Hiki nacho ni mti," akasema. "Mbona hakinywi maziwa?"

"Kwa sababu mama yako alikipaka samli akakifukiza moshi," akasema Habibo. "Kila mwanamke..." Akanyamaza. Akamtazama kaka yake.

Wote walijua kilichokuwa ndani ya chombo kile. Ilikuwa samli ya mwisho, ya ng'ombe wa Jawahir kabla ng'ombe hawajapelekwa kwenye usalama wao. Kila Ijumaa Gelle alichovya kidole kimoja, akalamba, akafunga kifuniko. Hakumpa mtu, wala hakuna aliyemwomba. Katika nyumba ile samli hiyo haikuwa chakula.

"Hapana," akasema Gelle.

"Sawa," akasema Habibo. "Bara kuna samli nyingi. Ukifika huko na lile lori utuletee."

Gelle alitoka nje, akasimama karibu na waya. Upande wa pili askari mmoja alikuwa anapika ugali na kuupiga mwiko kama anayemtesa mtu. Alisimama hapo muda mrefu. Aliporudi alikitwaa chombo kwa bintiye, akafungua kifuniko, akachovya kidole japokuwa haikuwa Ijumaa, akalamba. Halafu akakiweka mbele ya dada yake.

"Paka nyembamba," akasema.

*

Habibo na Arbia walipaka kama wanawake wa kwao walivyopaka vyombo tangu ngamia wa kwanza. Walisugua samli kwa kiganja, wakalaza vinyweleo, wakasugua kwa jiwe laini la mtoni, wakafukiza kwa moshi wa vijiti vya mgunga, wakarudia tena. Mbao zikawa na rangi ya asali. Zikang'aa hata mtu akajiona pua. Munyao alimwagia tone la maji, likakaa juu ya ubao likitetemeka, halafu likaporomoka na kwenda zake.

"Haiingii!" akapiga makofi. "Mama Habibo, ungezaliwa mwanamume ungekuwa injinia!"

"Ningezaliwa manaume nani atazaa hii sabaa?" akasema Habibo kwa Kiswahili chake.

Gelle akavuta pumzi, kwa mara ya kwanza tangu mbao zivimbe. Akachukua kijiti, akakichovya kwenye wino, akaandika Bismillahi.

Wino haukukaa. Ulijikusanya vitone vitone, vikaamkiana, vikashuka ubaoni kwa mstari mmoja hadi kwenye mshikio, na kumdondokea mguuni. Akaandika tena. Tena ukashuka. Ubao uliokataa maji ulikuwa umekataa na wino.

Watu wanne walitazama mguu wa Maalim uliokuwa na Bismillahi yote.

"Kwanza haufutiki," akasema Gelle, "sasa hauandikiki."

"Na Alhamisi ni kesho," akasema Munyao, na akavaa kofia yake.

*

Bwana Mkubwa kutoka Nairobi alifika na magari mbele na magari nyuma. Alikuwa mtu mnene wa suti nyeusi, aliyekuwa amechoka na joto na Bwana Kang'ethe kwa kiasi kilekile. Watoto walikaa mistari, kila mmoja na ubao wake mtupu unaomeremeta kifuani, hata ungedhani ni kikosi cha ngao. Mpiga picha alilalamika kwamba mwanga unamrudia machoni.

"Someni," Gelle akawaambia watoto. Wakasoma. Hawakuhitaji maandishi, mbao zilipochukuliwa aliwafundisha kwa masikio, na masikio yao yalikuwa yameshika. Sauti zilipanda pamoja, zikashuka pamoja. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, asijue neno hata moja.

Kisha akainama, akatazama ubao wa Naimo. Akaugeuza, akaona muhuri. Akaugeuza tena.

"Mbona hazina maandishi?"

Bwana Kang'ethe akatazama mbao kwa mara ya kwanza siku hiyo. Munyao, aliyesimama nyuma na nyundo isiyo na kazi, alifumba macho.  Gelle alikuwa amekesha akitafuta uongo, na uongo wote ulikuwa umemkimbia. Kwa hiyo akasema alichokuwa nacho.

"Bwana Mkubwa, ile ya kwanza ilikuwa na maandishi. Ikashikwa."

 Koplo hodari akatazama buti zake. Halafu tumbo la suti likaanza kutikisika, na Bwana Mkubwa akacheka, na alipocheka yeye, Bwana Kang'ethe naye akacheka, na askari wakacheka kwa amri.

"Kang'ethe," alisema Bwana Mkubwa akijifuta macho, "huyu mzee ndiye raia mwema. Ameelewa. Ubao safi kabisa! Hakuna cha kuchunguza!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo mpango wetu hasa, mheshimiwa."

"Na wananchi wanasemaje?"

Kabla mtu hajamzuia, Ogle alijitokeza mbele, wima. "Mimi hii ubao nimekunywa," alisema, akijigonga kifua. "Mara moja tu! Angalia mgongo!"

"Anasema nini?"

"Anasema ameupokea kwa moyo wote, mheshimiwa," akatafsiri Bwana Kang'ethe, ijapokuwa Ogle alikuwa amesema kwa Kiswahili.

Bwana Mkubwa aliupitisha mkono juu ya ubao. Akaunusa, na uso wake, kwa nukta moja, ukawa uso wa mtoto aliyekaa jikoni kwa bibi yake. "Rangi nzuri hii," akasema. "Inanukia." Akauweka ubao wa Naimo chini ya kwapa. "Nitaupeleka Nairobi kama mfano."

Naimo akafungua mdomo kulia. Habibo akauziba kwa kiganja chenye samli.

*

Kibali kilibaki kwenye msumari. Mbao nazo zilibaki, maana mali ya serikali haitupwi. Kwa kuwa haziandikiki, Habibo alizitafutia kazi: mmoja akakandia unga, mwingine akawa mlango wa zizi la wanambuzi wawili waliobaki, mwingine akafunikia mtungi. Hakuna siku nyumba ile ilikuwa na samani nyingi kama hizo. Watoto waliandika mchangani kwa vidole, na upepo uliwaoshea bure. Chombo cha Jawahir kilirudi kwenye nguzo yake, kitupu. Ijumaa ilipofika Gelle alifungua kifuniko, akanusa, akafunga.

Halafu lori likaja. Gelle alipolisikia kwenye lango alikwenda kutafuta viatu vyake, maana mtu asiende bara pekupeku. Lakini halikubeba watu. Lori lilikuwa limejaa hadibodi, zimekatwa tayari, zina mishikio na mihuri, mrundo mrefu kuliko mtu. Bwana Kang'ethe alishuka mwenyewe upande wa dereva, na kwa mara ya kwanza tangu Bula Waya iwe Bula Waya, alibisha hodi.

"Maalim, habari ya nyumbani? Mama Habibo, hujambo? Nairobi wamefurahi mno. Wanataka vyuo vyote vipewe mbao kama hizi, Wajir, Liboi, kote. Zimeletwa kwenu ili mzipake ile rangi, ziwe kama ule mfano." Akakohoa. "Sasa, wanauliza, kwa ajili ya ripoti. Ile rangi inaitwaje? Na inapatikana wapi?"

Gelle akatazama chini. Habibo alikuwa anakanda unga juu ya mali ya serikali. Alijifuta mikono kwa utaratibu, kidole baada ya kidole, akasimama.

"Bwana Kang'ethe. Hiyo rangi jina yake samli."

"Samli?"

"Samli natoka kwa maziwa. Maziwa natoka kwa ng'ombe. Ng'ombe natoka hapa, naenda kwako." Akanyoosha mkono kuelekea ofisini. "Sasa wewe uliza ng'ombe fizuri. Bengine iko na rangi bado."

 Bwana Kang'ethe alimtazama Munyao, aliyekuwa anapakua mbao, lakini Munyao alikuwa ameona jambo la maana sana kwenye gurudumu la lori. Mwishowe ofisa akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake, kwa kukosa karatasi karibu: ng'ombe.

Wiki zikapita. Mrundo wa mbao ukafunikwa turubai, na kila aliyepita akauliza kama ng'ombe wamerudi. Gelle alijizuia asitumaini, akashindwa. Usingizini aliwaona, wa Jawahir mbele, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama. Aliamka akiwa na ladha mdomoni.

Hatimaye akaja askari, kamba mkononi, na kwenye kamba ng'ombe. Mmoja. Hakuwa yule mwekundu. Alikuwa mweusi, mwenye nundu kubwa na shingo nene, na askari alikuwa na karatasi pia, akaisoma kwa sauti: "Ng'ombe mmoja wa samli, kwa matumizi ya mbao. Arudishwe kazi ikiisha."

Habibo akazunguka nyuma ya ng'ombe. Akainama. Akakaa ameinama hivyo, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Gelle akadhani dada yake analia, hadi alipomwona amejibwaga juu ya mrundo wa mbao, khanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Walaal," akasema kwa shida, "wewe ndiye msomi. Njoo usome huku chini."

Gelle akaenda, akainama, akasoma. Ilikuwa wazi, haikuhitaji wataalamu wa Nairobi. Ng'ombe wa samli alikuwa dume.

Alinyooka taratibu. Alitazama mrundo wa mbao ambazo hazingeweza kupakwa, akamtazama dume, akatazama karatasi ya serikali iliyosema arudishwe kazi ikiisha. Na kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu masika kikalegea kidogo, kikampa nafasi ya kupumua.

"Arbia," akaita, "mfunge ng'ombe wetu. Mpe maji, mpe na majani mazuri. Huyu atakaa sana."

Kisha akamgeukia askari kwa heshima zote.

"Mwambie Bwana Kang'ethe kazi imeanza. Sisi tunamkama. Samli ikitoka tutamwambia."